Sakafu ya mninga imepauka: lazima mashine ya msasa?

*"Shikamoo fundi. Tumerithi nyumba ya marehemu baba hapa Dodoma mjini, zile za zamani karibu na reli. Sebule ina sakafu ya mbao, baba alikuwa akituambia ni mninga. Ukubwa ni kama mita nne kwa tano. Zamani iling'aa mpaka unajiona, sasa imepauka, katikati ina njia nyeupe pale watu wanapopita, na karibu na mlango wa uani kuna doa jeusi la ukubwa wa sinia. Fundi mmoja amekuja kuangalia, anasema alete mashine ya msasa aikwangue yote kwa siku mbili. Naogopa vumbi kwa sababu mwanangu wa miaka sita ana pumu na chumba chake kimepakana na sebule. Jirani anasema niyeyushe mshumaa kwenye mafuta ya taa nipake, kama walivyofanya bibi zetu. Shemeji anasema ninunue vanishi nipake juu kwa juu, basi. Sendofu ya mdogo wangu ni katikati ya mwezi wa kumi na wageni watakaa humo. Nina wiki tano. Nifanye nini bila kukwangua?"*

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba hata kama siku zimepita.

Umepewa ushauri na watu watatu, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Fundi hajakosea, mashine ndiyo inayorudisha sakafu kwenye mbao mpya kabisa. Jirani hajakosea, nta iling'arisha sakafu nyingi kabla hatujazaliwa. Shemeji naye hajakosea, vanishi mpya inaweza kukaa juu ya ile ya zamani. Ila hakuna hata mmoja aliyepiga magoti akaiuliza sakafu yenyewe imevaa nini. Ukishalijua hilo, kazi iliyobaki ni ya kama wiki moja, na kwa maelezo yako naona uwezekano mkubwa wa kuimaliza bila mashine.

Tuanze na hilo neno "imepauka". Watu wakiona sakafu ya namna hiyo husema mbao imekufa. Kinachong'aa kwenye sakafu si mbao, ni ngozi iliyopakwa juu yake, nyembamba kama karatasi. Ngozi hiyo ikiwa laini, mwanga ukiigonga unarudi pamoja, kama kwenye maji ya karai yaliyotulia. Ikijaa mikwaruzo midogo midogo mwanga unatawanyika kila upande, na jicho linaona weupe. Fanya hivi sasa hivi ukiwa unasoma: lowesha kidole, kipitishe juu ya ile njia nyeupe. Rangi ya mninga ikirudi, ile hudhurungi yenye wekundu, ujue maji yamejaza mikwaruzo na mbao chini ni nzima. Maji yakikauka weupe utarudi, usihuzunike. Umeshapata nusu ya jibu.

Mikwaruzo yenyewe inatoka nje. Vumbi letu la Dodoma si unga wa ngano. Lina chembe za kwatzi, madini yale yale yanayofanya mchanga umetemete juani, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kisu cha jikoni. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi upepo unaliingiza chini ya milango, mtu analikanyaga kwa ndala, na kila hatua inakuwa msasa mdogo. Sakafu yako imepigwa msasa kila siku kwa miaka mingi, tena bila malipo. Ndiyo maana pembeni, chini ya makochi, nina hakika bado inang'aa kidogo.

Sasa jaribio la maji. Chagua sehemu tatu: pembeni chini ya kochi, katikati ya ile njia nyeupe, na karibu na mlango wa uani lakini nje ya doa. Dondosha matone mawili ya maji kila sehemu, kisha kaa dakika kumi. Tone likibaki limesimama kama shanga, ngozi bado ipo. Likitandaa na kuacha kivuli cheusi kidogo ndani ya mbao, ngozi imetoboka lakini haijaisha. Likinywewa mara moja na mbao ikawa nyeusi pale pale, hapo hamna ngozi tena, maji yanaingia moja kwa moja. Kama ni sehemu ndogo iliyoisha, kiasi cha viganja viwili vitatu, bado tunaweza kuirekebisha peke yake. Kama nusu ya sebule inakunywa maji, nitakuambia mbele cha kufanya.

La pili ni kujua ngozi hiyo ni ya aina gani. Chukua kitambaa cheupe, kilichochakaa kama kanzu ya zamani, ukidondoshee tapentaini na usugue sehemu moja iliyofichika. Kikitoka na rangi ya njano au kahawia inayoteleza kama mafuta, kuna nta au polishi ya kopo juu. Kwa nyumba ya umri huo nategemea utaikuta, maana miaka mingi watu walipaka polishi ile ile waliyopaka kwenye sakafu ya saruji nyekundu. Ukishaifuta hapo, kausha, weka tone la spiriti na subiri dakika moja. Ikiwa inanata kidole, chini ni shelaki, ile gamu inayotokana na wadudu wa India na Thailand, ambayo spiriti huiyeyusha. Spiriti isipofanya kitu, weka tone la thina kali wanayotumia wapaka rangi wa magari. Ngozi ikijikunjakunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, ni vanishi ya mafuta ya zamani. Ikilainika yote na kuyeyuka, ni laka. Isipojali lolote kati ya hayo, una poliyurethani, vanishi ngumu ya jamii ya plastiki, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa kazi tunayoitaka. Fungua madirisha ukifanya hivi, na mtoto asiwepo chumbani.

Hapa nirudi kwa shemeji, kwa sababu kosa lake ndilo nililolifanya mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipewa sebule moja pale Kilimani, sakafu ya mvule, mwenye nyumba ana haraka ya mgeni. Niliosha kwa sabuni, nikakausha, nikapaka vanishi mikono miwili ya nguvu, yaani matabaka mawili. Ilipendeza kama kioo. Baada ya wiki tatu aliniita. Palipokuwa na miguu ya meza vanishi ilikuwa imeinuka, na nilipoingiza ukucha ikatoka kipande kizima, kama ganda la kitunguu. Chini yake nta ya miaka ilikuwa imebaki vile vile, laini. Nilirudisha pesa nikafanya kazi upya, na ile ya pili ilinichukua muda mara tatu kwa sababu sasa ilinibidi kwanza nitoe vanishi yangu mwenyewe.

Vanishi haishiki kwa sababu ni nzuri au ni ghali. Inashika kwa njia mbili tu. Ya kwanza, ngozi ya chini iwe na vijikwaruzo vidogo ambavyo vanishi mpya inaingia na kukaza, kama lipu inavyoshika kwenye tofali lililokwaruzwa na si kwenye kigae. Ya pili, dawa iliyomo kwenye vanishi mpya ilainishe kidogo ile ya zamani ili viungane, jambo linalotokea kwa shelaki juu ya shelaki au laka juu ya laka, lakini si kwa poliyurethani iliyokwisha komaa. Nta, mafuta ya taa, mafuta ya nazi, dawa za kung'arisha samani zenye silikoni, vyote hivi vinakaa katikati na kuzuia njia zote mbili. Silikoni ndiyo mbaya zaidi. Vanishi ikipakwa juu yake inajitenga na kufanya vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huita macho ya samaki. Kwa hiyo shemeji yuko sahihi kuhusu kupaka, amesahau tu kwamba kupaka ni siku ya mwisho ya kazi.

Jirani na mshumaa wake: naomba sana usifanye. Kuyeyusha nta ndani ya mafuta ya taa kwenye jiko la mkaa kumeunguza watu. Mvuke wa mafuta ya taa yaliyopashwa moto unashika moto haraka, na mafuta yanayobaki kwenye chupa ya soda ni hatari kwa mtoto wa miaka sita anayetafuta maji. Tena mafuta ya taa yanaacha utando unaovuta vumbi, na baada ya mwezi sebule inakuwa nyeusi kuliko ilivyoanza. Bibi zetu walipaka hivyo kwenye saruji, na walikuwa na muda wa kusugua kila Jumamosi.

Nta ya nyuki yenyewe siikatai. Sisi tumekaa katikati ya nchi ya asali, ukienda Manyoni au Tabora nta ipo, na kwa sakafu ambayo haijawahi kupakwa vanishi, au iliyopakwa mafuta tu, nta ni nguo nzuri kabisa: ina harufu tamu, na ikichakaa mahali unaongeza pale pale bila kugusa kwingine. Ila inayeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64, sufuria ya ugali ikiwekwa chini inaacha duara, maji yakisimama juu yake yanaacha doa jeupe, na utairudia mara mbili tatu kwa mwaka. Ukishaipaka umefunga pia mlango wa vanishi, kwa sababu ile niliyokueleza. Ukiamua kubaki na nta kwa hiari yako, sina ubishi. Ukiichagua kwa sababu ya haraka, utajuta.

Kuna wanaokuambia utumie mafuta ya kitani. Yanapendeza kwenye mninga, yanaamsha mishipa yote ya mbao, lakini yanataka mbao isiyo na ngozi. Na matambara yaliyolowa mafuta hayo usiyafumbate ukayatupa kwenye kona. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kujiwasha lenyewe usiku bila kiberiti. Yaanike moja moja nje juu ya saruji, au yatie ndani ya ndoo ya maji.

Sasa mashine. Fundi wako hakukudanganya, ila amekimbilia mwisho kabla ya mwanzo. Vumbi la mbao si la mchezo kwa mtu yeyote, sembuse mtoto mwenye pumu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, na vumbi la mninga na mvule linajulikana kwa kuwasha pua, macho na kifua. Nimewahi kufanya kazi na kijana aliyekuwa akichuruzika machozi kila alipogusa mvule, akaishia kuhamia kwenye paini. Kuna pia hesabu ya unene. Mbao za sakafu zikiwa zimeungana kwa ulimi na mfuo, unene unaofaa kulika ni ule ulio juu ya ulimi, mara nyingi milimita sita tu au pungufu, na vile vibao vifupi vilivyopangwa kama msuko wa ukili huwa vyembamba zaidi. Kila mashine ikipita inakula, na akija na grenda ya mkono badala ya mashine ya sakafu atakuachia mabonde yatakayoonekana kila jua la asubuhi likiingia dirishani. Muulize ana mashine gani. Akisema grenda, mshukuru kwa kuja.

Kwa hiyo tunafanya nini? Tunaifanyia kazi ngozi iliyopo, hatuigusi mbao.

Toa kila kitu sebuleni, mapazia pia, yamebeba vumbi kuliko unavyodhani. Fagia kwa fagio laini, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipige deki na ndoo. Maji yakiingia kwenye nafasi kati ya mbao yanavimbisha kingo na ndiyo yanayoanzisha madoa. Baada ya hapo, kama jaribio lilionyesha nta, toa nta kwa tapentaini, kipande cha mita moja kwa moja: mimina kidogo kwenye kitambaa, sugua, futa kwa kitambaa kingine kikavu kabla haijakauka, maana ikikauka inairudisha nta pale pale ilipokuwa. Geuza kitambaa kila mara, na kikichafuka kote tupa, chukua kingine. Hii ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Kwa mita 20 za mraba mtu mmoja anaweza kumaliza siku nzima na magoti yakamuuma siku mbili. Rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mimi huwa narudia mara moja zaidi baada ya kujiridhisha, kwa sababu ya ile sebule ya Kilimani.

Siku inayofuata, osha kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, kikamuliwe mpaka kisidondoshe, kisha upitishe kingine chenye maji matupu. Sabuni ya unga usiitumie, inaacha magadi kwenye mbao. Jiki iache chooni, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa yenye amonia, mvuke wake unaweza kumlaza hata mtu mwenye mapafu mazima.

Halafu kuna kukwaruza ngozi. Hapa huenda utasema "lakini nilisema bila msasa". Naelewa, ila unachokwepa ni vumbi na kula mbao, na hili halifanyi hivyo. Nenda kwenye duka linalouza vifaa vya wapaka rangi wa magari ununue msasa wa maji namba 220 au 320. Uloweshe kidogo, usugue kwa mkono kufuata mishipa ya mbao, taratibu, mpaka mng'ao wote uwe umefifia sawasawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kile kinachotoka ni maziwa meupe yanayofutwa na kitambaa, hakipandi hewani. Futa papo hapo, usiache maji yakae. Usitumie stilwaya kama utapaka vanishi ya maji, vipande vyake vinabaki kwenye vinyweleo vya mbao na kushika kutu. Zipo dawa za kutoa mng'ao bila kusugua kabisa. Zinasaidia kwenye kona, lakini kwa sakafu yenye historia ya nta siziamini peke yake.

Usipake chumba kizima bado. Chagua sehemu chini ya kochi, ukubwa wa daftari, paka vanishi yako mkono mmoja. Subiri siku mbili. Chukua wembe, chora mistari michache ya kupishana mpaka chini, bandika selotepu, ibonyeze vizuri, kisha ivute kwa ghafla. Ikitoka tupu, endelea kwa amani. Ikitoka na vanishi, kuna nta imebaki na unarudi kwenye tapentaini. Siku mbili hizo zitakuokolea wiki mbili, na ndizo mafundi tunazozikata kwa sababu mteja anapiga simu.

Vanishi gani? Kwa ajili ya mtoto ningependa poliyurethani ya maji, harufu yake ni ndogo na unaweza kupaka mikono miwili ndani ya siku moja. Ni ghali kidogo, si kila duka la hapa mjini linayo, na kwa mninga inakuwa kama maji: haiongezi ule uasali. Ya mafuta inapatikana kirahisi, inaupasha mninga joto zuri la rangi, lakini inanuka siku nyingi na kila mkono unataka siku nzima kukauka, wakati mwingine zaidi. Lita moja inafunika takriban mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo sebule yako kwa mikono miwili inataka kama lita 4, galoni moja ya dukani. Koroga kwa kijiti taratibu, usitikise kopo, mapovu yanabaki juu ya sakafu. Chagua isiyong'aa sana. Najua unataka ujione kama zamani, lakini sakafu inayong'aa kama kioo inaonyesha kila mkwaruzo wa vumbi la Dodoma ndani ya mwezi. Ile ya mng'ao wa wastani inasamehe.

Hali ya hewa yetu inataka ujanja wake. Mwezi wa tisa hewa ni kavu mno, vanishi ya maji inawahi kukauka kabla hujaunganisha mstari unaofuata, unabaki na alama za brashi. Anza saa 12 alfajiri, kabla jua halijapasha bati na upepo haujaamka, paka kwa mistari mirefu ya mbao mbili tatu kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine bila kurudi nyuma, ukielekea mlangoni ili usijifungie kona. Madirisha ya upande wa upepo funga na utundike shuka lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri. Ya upande wa pili yawe wazi ili harufu itoke. Vijana wangu walikuwa wakicheka lile shuka mpaka walipoliona jioni, jekundu kama udongo wa Iyumbu.

Na tafadhali usijaze nafasi kati ya mbao kwa puti sasa hivi. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazonyauka na kuvimba kidogo sana, ndiyo maana mafundi wa zamani waliupenda, lakini hata wenyewe unasinyaa kiangazi. Nafasi unazoziona mwezi wa tisa zitafunga zenyewe mvua ikishika, Desemba kwenda mbele. Ukijaza sasa, mbao zikivimba zitaisukuma puti juu kama mkate.

Doa la mlangoni ni habari nyingine. Weusi wa namna hiyo kwa kawaida si uchafu. Maji yamekaa, yakaingia kwenye mbao, yakakutana na chuma cha misumari au kutu ya ndoo, na asidi ya asili iliyomo kwenye mbao pamoja na chuma vikatengeneza rangi nyeusi, karibu na wino wa zamani. Hautatoka kwa kusugua. Unatoka kwa asidi ya oksaliki, inayouzwa kwenye maduka ya kemikali, lakini inafanya kazi kwenye mbao tupu tu. Maana yake ni lazima uitoe ngozi sehemu ile kwa kukwangua kwa mkono. Asidi hiyo ni sumu ikimezwa na unga wake unaunguza pua, hivyo glavu, miwani na barakoa, na mtoto awe mbali. Kama hiyo ndiyo kazi inayokutisha, acha doa lilivyo, weka mkeka pale. Kabla ya yote tafuta maji yalitoka wapi: mlango wa uani unaovujisha mvua, au ndoo ya maji iliyokuwa ikikaa hapo miaka yote? Ukipaka bila kuziba chanzo, doa litarudi chini ya vanishi mpya.

Dawa za kutoa vanishi kwa kuipaka na kuikwangua kama matope nazo zipo. Ukiona kwenye kopo jina la methilini kloraidi, au dikloromethani, lirudishe dukani. Mvuke wake umeua watu kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024. Sebule iliyopakana na chumba cha mtoto si mahali pake.

Ni wakati gani umwite fundi aje kwa macho yake? Kama maji yalinywewa karibu kila mahali ulipodondosha, ngozi imekwisha na nilichokueleza hakitaiokoa. Hapo mashine ni halali, mtoto akiwa kwa shangazi na chumba chake kimefungwa kwa nailoni na selotepu, tena na mashine yenye mfuko wa kunyonya vumbi. Kama mbao zimeinama katikati kama sinia au kingo zimeinuka, kuna maji chini, usipake chochote. Gonga sakafu kwa kisigino cha bisibisi kutoka ukuta mpaka ukuta. Ikitoa sauti ya ngoma mahali, choma ncha taratibu; ikiingia kama kwenye mkate, ni mchwa, na Dodoma mchwa hawasubiri sendofu. Zunguka pia nje ya nyumba utafute matundu ya hewa chini ya usawa wa sakafu. Nyumba za zamani za sakafu ya mbao huwa nayo ili hewa ipite chini. Nimeona mara kadhaa watu wameyaziba kwa saruji wakipiga lipu upya, na mbao juu yake zikaoza kimya kimya. Ukiyakuta yamezibwa, yafungue kwanza. Hilo peke yake linaweza kuiokoa sakafu kuliko vanishi yoyote.

Wiki tano zinatosha, lakini usizitumie mwishoni. Vanishi ikikauka kwa kugusa haijakomaa. Ya maji inataka wiki moja hadi mbili, ya mafuta karibu mwezi mzima, ndipo inakuwa ngumu ya kubeba viti vya kukodi na visigino vya mashangazi. Anza majaribio wiki hii, kupaka kuishe wiki ijayo, na mtoto akalale kwingine tangu siku ya tapentaini mpaka harufu iishe kabisa, usijipime kwa pua yako uliyoizoesha, mwite jirani aingie anuse. Unaweza kutembea na soksi siku ya pili, kurudisha makochi siku ya nne au ya tano kwa kuyabeba bila kuyaburuta, na vipande vya blanketi la zamani chini ya miguu yake. Zulia liache limekunjwa kwenye kona mpaka sendofu ipite. Ukilitandika mapema, vanishi chini yake itabaki laini na utakuja kulibandua pamoja na sakafu.

Na ukipata jibu la tone la maji, niandikie lilikaaje sehemu zote tatu, nikuambie kama ununue galoni au la.